Udongo Ukianguka Ni Taka

Jumatatu saa mbili asubuhi, Kioo alikuwa amekwisha kuliosha gari la wagonjwa mara mbili kwa sabuni na mara moja kwa maji matupu. Akalisukuma hadi kivulini, chini ya bati la banda la magari ya hospitali, kwa sababu udongo hautaki jua. Kisha akachukua kopo lake kutoka rafu ya nyuma ya mlango. Lilikuwa kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, zamani la mafuta ya kujipaka, na ndani yake kulikuwa na donge la udongo wa kung'arishia, la buluu, laini kama unga uliokandwa, limelazwa juu ya matone matatu ya maji ya sabuni ili lisikauke likapasuka.

Jina la Kioo alipewa na wenzake, maana gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyoa ndevu mbele ya mlango wake. Kazi hiyo alijifunza kwa macho, si kwa cheti. Unanyunyiza maji ya sabuni, unapitisha donge kwa kiganja, huku na huko, bila kukandamiza. Mwanzoni linakwaruza kama linasaga mchanga, halafu linanyamaza. Likinyamaza, ujue limekwisha kuing'oa ile taka iliyoshinda maji na sabuni: vumbi la chuma, lami, utomvu wa miti. Ndipo unalikunja, taka inaingia ndani, unapata upande safi, unaendelea.

Ukutani palikuwa na karatasi yenye sahihi na muhuri: UDONGO UKIANGUKA CHINI NI TAKA. USIGUSE GARI TENA. Mkurugenzi wa hospitali aliiandika mwenyewe siku ile punje moja ya mchanga ilipochora mstari kwenye boneti ya gari lake jeusi. Kioo hakusoma mbali, lakini karatasi hiyo aliijua kwa moyo. Ndiyo sheria pekee ya hospitali ile ambayo ilifuatwa.

Donge lilitolewa moja kwa mwaka, na lilikuwa la gari jeusi la Mkurugenzi. Gari la wagonjwa halikuwahi kuonja udongo tangu lifike. Lakini Alhamisi angekuja mgeni mkubwa kutoka makao makuu, na mgeni mkubwa akija, hata kilichosahaulika hukumbukwa kwa siku tatu. Agizo likatoka: gari la wagonjwa nalo ling'ae.

Kioo akaanza na mlango wa kushoto. Donge likakwaruza zaidi ya kawaida. Aliposikia limenyamaza, akaligeuza aone limebeba nini, na katikati ya ule ubuluu akamkuta mke wake.

Alikuwa mdogo kama picha ya kitambulisho, amefungwa kitambaa kichwani, hereni moja sikioni, mkono ameunyanyua kama mtu anayesimamisha gari. Kioo alimtazama. Naye akamtazama Kioo, kisha akaangalia pembeni, kama alivyokuwa akifanya kila mumewe alipochelewa kurudi nyumbani.

"Kumbe uko huku," Kioo akasema.

Akafunika kopo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mke wake alikuwa amekufa miezi kumi na minne nyuma, siku ya Jumamosi. Alianza kuhema vibaya saa sita mchana. Kioo alipiga simu hospitali, hospitali hiyohiyo anakoosha magari, akaambiwa gari linakuja, msimame barabarani dereva awaone. Akatandika blanketi ndani ya toroli la kubebea mchanga, akampakia mama watoto, hereni moja ikadondoka humohumo, wakaenda kusimama. Gari likaja, jeupe, taa juu inazunguka. Mke wake akanyanyua mkono. Gari likapita. Kioo akasukuma toroli kwa miguu yake, na kwenye kona ya tatu kabla ya geti la hospitali akahisi toroli limekuwa jepesi.

Aliuliza. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, lakini hao wahenga hawakuwahi kuuliza jambo katika ofisi ya hospitali. Jibu lilikuja kwa barua: siku hiyo gari lilikuwa gereji na halikutoka. Muhuri chini. Barua hiyo iliwekwa juu ya kabati nyumbani, na tangu hapo Kioo hakutaka fidia, hakutaka pole, hakutaka mtu afukuzwe. Alitaka mtu mmoja tu mwenye muhuri aseme: gari lilipita.

Dereva wa gari la wagonjwa akaingia bandani akitafuna kijiti. Walimwita Breki, kwa vile hakuwa mtumiaji wa breki.

"Vipi, mzee wa kung'arisha? Umeshachoka na mlango mmoja?"

Kioo akafungua kopo, akamwonyesha. Breki akainama, akatazama kwa makini, akatoa kijiti mdomoni.

"Ndiyo huyu," akasema. "Wa kwenye toroli. Namkumbuka."

"Ulimwona?"

"Kaka, nitaachaje kumwona? Alinipungia kabisa. Na wewe ulikuwa nyuma yake na shati la mistari."

"Mbona hukusimama?"

"Ningempakia wapi? Nilikuwa nimejaza viti. Viti mia moja vya plastiki, Mkurugenzi alikuwa na sherehe ya nyumba mpya. Mgonjwa angekaa juu ya viti?" Breki alifikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Labda angekaa kwenye kiti. Hilo sikuliwaza."

Kioo aligeuza upande mwingine wa donge, akaupitisha kwenye mlango wa nyuma. Ukakwaruza. Akatoka mzee mwenye fimbo. Akakunja. Akatoka mjamzito aliyeshikilia mti, halafu fundi wa baiskeli mwenye mguu uliovunjika, halafu mama aliyempakata mtoto, na mtoto naye anatazama. Breki alisimama pale akiwatambua mmoja mmoja, kama mtu aliyekutana na majirani wa zamani.

"Huyu ni wa njia panda, siku ile ya saruji. Huyu wa mteremkoni, nilikuwa na godoro la shemeji yake Mkurugenzi. Huyu... huyu alirusha kiatu. Kiatu kilinipata kwenye kioo."

Mpaka saa sita donge lilikuwa limebeba watu arobaini na mmoja, na gari lilikuwa jeupe kama jino la maziwa.

Jioni ile Kioo alibeba kopo nyumbani, jambo ambalo lilikatazwa. Binti yake, ambaye ni mshonaji na ndiye aliyebaki naye, alifungua kifuniko juu ya cherehani.

"Mama amekonda," akasema.

"Alikuwa anaumwa."

"Hapana, baba. Hata kabla ya kuumwa. Sisi ndio hatukumtazama vizuri." Akasogeza taa isije ikamkausha. "Na hawa wengine ni nani?"

"Wenzake wa barabarani."

"Sasa peleka kwa Mkurugenzi, asijifanye hajui. Ule muhuri aufute kwa mkono wake."

Asubuhi Kioo alivaa shati safi, akapanda ghorofani. Mkurugenzi alikuwa mtu mnene wa shingo, mwenye viyoyozi viwili ndani ya chumba kimoja, wakati wodini watoto walipepewa kwa vipande vya boksi. Akalitazama donge bila kuligusa.

"Ni nani?"

"Mke wangu, Mkurugenzi. Ametoka kwenye mlango wa gari la wagonjwa. Mlisema siku ile gari halikupita."

"Halikupita. Lilikuwa gereji."

"Basi uso wake umefikaje mlangoni?"

Mkurugenzi akawaza. "Labda alikwenda gereji."

"Alikuwa hawezi hata kusimama."

"Ndugu yangu, mimi nimesimamia hospitali miaka kumi na moja. Wagonjwa wanazurura sana." Akasogeza kopo na ncha ya kalamu. "Pole lakini. Na hawa wote walikwenda gereji?"

"Wote walikuwa barabarani wakilisubiri gari."

"Ahaa. Hapo sasa umesema la maana. Tatizo ni kutazama. Watu wanalitazama gari mno, wanaliharibu rangi."

Hakuwa mtu wa kuchelewesha mambo, hilo lazima tumpe. Kabla ya chakula cha mchana tangazo lilikuwa limebandikwa getini: WANANCHI MNAOSUBIRI GARI LA WAGONJWA MNAOMBWA MSILITAZAME LINAPOPITA. Watu walisoma, wakatikisa kichwa, wakaona ni jambo la utaratibu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa hapo na mgonjwa wake akageuza kiti upande wa ukuta ili asije akaonekana mkaidi.

Jumatano, gari jeusi likahitaji udongo, na donge lilikuwa limejaa, limegeuka kijivu kila lilipokunjwa. Kioo akaenda stoo. Mtunza stoo, mama mwenye miwani ya kamba ambaye hospitali nzima walimwita Mama Stoo, alikuwa na desturi moja asiyoivunja hata kwa mgonjwa mahututi: leta cha zamani ndipo uchukue kipya. Balbu kwa balbu, fagio kwa fagio. Na cha zamani kilipimwa, ili asije mtu akajikatia.

Kioo alisimama nje ya dirisha la stoo. Akatoa uzi aliopewa na binti yake, akauzungusha kwenye donge, akauvuta taratibu. Udongo hukatwa kwa uzi, kisu huuburuza. Mke wake akabaki peke yake kwenye kipande kama kidole gumba. Akamtia ndani ya kifuniko cha chupa chenye tone la maji ya sabuni, akakifunika kwa kingine, akakitia mfukoni mwa shati. Lililobaki akalipitisha dirishani huku akijua litapungua uzito na yeye atapata barua.

Mama Stoo akaliweka kwenye mizani. Akarekebisha miwani.

"Gramu mia mbili. Ulichukua mia mbili, umerudisha mia mbili. Mzee, wewe ndiye mtu pekee mwaminifu humu ndani."

"Mama, humo mna watu arobaini."

"Nawaona. Hao hawamo kwenye fomu." Akalitia donge kwenye beseni, akalikanda kwa ngumi kama anayetaka kupika, watu wakazama ndani mmoja baada ya mwingine, wa mwisho yule mzee na fimbo yake. Akalifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaandika JIPYA, akalipitisha dirishani.

"Hili si lilelile?"

"Waraka umekuja. Vifaa vyote vitumike tena. Haya, sahihi hapa."

Kioo alishuka, akamkuta Mkurugenzi mwenyewe bandani, amesimama kando ya gari lake.

"Mkurugenzi, udongo uliojaa una tabia moja. Hurudisha ulichokichukua."

"Kesho saa tatu mgeni yupo hapa, wewe unanipa hadithi za udongo? Pitisha."

Akapitisha. Fundi anaambiwa pitisha, hupitisha. Hayo si maisha yetu sote? Kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, huku na huko, bila kukandamiza. Donge halikukwaruza. Lilinong'ona. Alipofuta kwa kitambaa, watu arobaini walikuwa wametulia ndani ya rangi nyeusi ya gari la Mkurugenzi, wakubwa sasa kama watu kamili kuanzia kifuani, wamenyanyua mikono, macho yote mbele. Mzee na fimbo alikuwa karibu na tairi. Mama na mtoto walikaa chini ya dirisha la nyuma. Karibu na kitasa palibaki nafasi tupu, ya kumtosha mtu mmoja.

Alifuta tena. Hawakutoka.

Alhamisi mgeni mkubwa akaja. Viongozi wa hospitali wakapanga mstari, wauguzi wakapewa magauni mapya kwa saa mbili, na magari mawili yakasimamishwa mbele ya lango, jeupe na jeusi. Kioo naye aliwekwa kando ya magari na kitambaa mkononi. Mfukoni mwa shati alikuwa na vile vifuniko viwili, na kichwani alikuwa na maneno kumi na mawili aliyoyafanyia mazoezi mbele ya binti yake tangu alfajiri.

Mgeni mkubwa akalipita gari jeupe, akasimama mbele ya jeusi. Akainama. Akavua miwani, akavaa tena. Mkurugenzi akatokwa na jasho kwenye shingo yake nene.

"Mkurugenzi," mgeni akasema, "hawa ni wananchi wako?"

"Ni... ndiyo, mheshimiwa."

"Wanakupungia."

"Ndiyo, mheshimiwa. Wamezoea."

Mgeni akawageukia wasaidizi wake. "Mnaona? Mimi gari langu lina miaka saba, hakuna hata mmoja aliyebaki kwenye mlango. Huyu mtu anapendwa mpaka kwenye rangi." Makofi yakapigwa. Mpiga picha akaitwa. Mgeni na Mkurugenzi wakasimama kila mmoja upande wake wa mjamzito.

Hapo ndipo Kioo alipopiga hatua mbele. Alifungua vifuniko, akanyoosha kiganja.

"Mheshimiwa, huyu ni mke wangu. Gari la wagonjwa lilimpita akafa. Semeni lilipita."

Yale maneno yalitoka yote, hata moja halikupotea njiani. Mgeni mkubwa aliinama juu ya kiganja. Alikuwa na uso wa huruma, uso wa kazi.

"Pole sana, mzee wangu. Mwanamke mzuri. Na yeye anapunga." Akatazama mlango, akatazama kiganja. "Sasa mbona huyu mmemtenga na wenzake? Si pale karibu na kitasa pana nafasi?"

"Tulikuwa tunamsubiri, mheshimiwa," Mkurugenzi akasema upesi. "Kioo, mpitishe."

"Lakini gari lilipita?"

"Mpitishe kwanza. Wageni wanasubiri, mpiga picha anasubiri. Mpitishe, mambo mengine yataandikiwa barua."

Kioo akamtazama mke wake. Mke wake hakuangalia pembeni safari hii. Kule mlangoni wale arobaini walikuwa wakipunga bila kushusha mikono, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi wangeoshwa kwa sabuni, wakapelekwa kwenye sherehe za nyumba, wakasimamishwa nje kwenye jua huku Mkurugenzi akila.

Akasogea hadi kwenye mlango mweusi. Akanyanyua kipande cha udongo hadi kwenye ile nafasi. Halafu akaviachanisha vidole vyake.

Kipande kilianguka kwenye changarawe. Hakikutoa sauti yoyote.

Breki ndiye aliyesema kwanza, akiwa kwenye mstari wa madereva: "Kimeanguka."

"Kimeanguka," Mama Stoo akathibitisha, akiwa ameshika faili lake.

Mkurugenzi aliitazama boneti ya gari lake, pale penye ule mstari wa zamani ambao rangi tatu hazikuweza kuufunika. Sheria ilikuwa yake, sahihi yake, muhuri wake. Watu wote walikuwa wanamtazama, na yeye ndiye aliyesema kutazama kunaharibu rangi.

"Basi ni taka," akasema. "Kisiguse gari. Mheshimiwa, tuendelee na chai."

Wakaenda kwenye chai. Kioo akapiga magoti, akakiokota kipande. Uso ulikuwa mzima, mkono mzima, ila punje moja ya changarawe ilikuwa imezama shavuni.

"Mama," akamwambia Mama Stoo, "naweza kuondoka nacho?"

"Udongo ukianguka ni taka. Taka si mali ya hospitali." Akageuza ukurasa, kisha akasema bila kunyanyua macho: "Mfunike, mzee. Upepo unakausha."

Wiki ile picha ilitoka gazetini, na chini yake maandishi kwamba kiongozi apendwaye hahitaji kujisifu. Mkurugenzi akapandishwa cheo, asimamie hospitali sita badala ya moja. Tangazo la getini likanakiliwa likapelekwa kote sita. Kioo alipokea barua pia. Ilimshukuru kwa ubunifu wake, ikamkumbusha kwamba siku hiyo gari lilikuwa gereji. Akaiweka juu ya kabati, juu ya ile ya kwanza, mihuri ikalaliana.

Mke wake sasa anakaa kwenye kopo lake mwenyewe, dirishani, upande usiopigwa na jua. Binti hataki akunjwe, kwa hiyo hatumiki wala hakandwi. Alisema ile punje itolewe kwa sindano ya cherehani, na Kioo akajaribu mara moja, akaona shavu linavutika nayo, akaacha. Wamemzoea hivyo.

Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni, Kioo alifungua kifuniko ili mke wake apate hewa. Barabarani likatokea gari la wagonjwa, jeupe, linang'aa, taa juu inazunguka, viti vya plastiki vimepandiana mpaka kwenye kioo cha nyuma. Ilikuwa sherehe ya cheo kipya. Mbele kidogo, kwenye kona, mwanamume mmoja alikuwa amesimama na mtu aliyelala kwenye mkokoteni, wote wawili wamegeuza uso ukutani, kama walivyoagizwa.

Mke wake akanyanyua mkono.

Breki alimwona. Alimpungia naye kwa adabu, maana sasa walikuwa wanafahamiana, akapita.

Kioo akadondosha matone matatu ya maji ya sabuni, akafunika kopo, akalibana.